Ngozi Isiyo na Masikio

Ngozi ile ililetwa kwetu Jumamosi, imekunjwa mara nne na kufungwa kwa kamba ya katani. Aliyeileta alikuwa rafiki wa baba, mfugaji wa Puge, upande wa Nzega, ambaye baba alimwachia ng'ombe wetu wanne tangu nikiwa mdogo. Kwetu Unyamwezi, mtu asiye na malisho humpa mwenzake ng'ombe amtunzie. Mtunzaji hunywa maziwa na kutumia mbolea, lakini ng'ombe na ndama wao hubaki mali ya mwenyewe. Ng'ombe akifa, mtunzaji hana budi kuleta ngozi, na ngozi hiyo iwe na masikio, kwa sababu alama ya mwenye mali hukatwa sikioni. Alama ya baba ilikuwa mikato miwili sikio la kushoto na ncha iliyokatwa sikio la kulia.

Niliikunjua ngozi uani, nikatafuta kichwa.

"Masikio yako wapi, baba?" Nilimwita mfugaji huyo baba, kama nilivyofundishwa na baba mwenyewe.

"Mbwa, mwanangu. Nimegeuka kunoa kisu, kurudi naona wamekwisha fanya kazi yao. Mbwa wa siku hizi hawana adabu."

Alicheka kidogo. Mimi nilicheka pia, kwa heshima. Akasema ni yule jike mwekundu mwenye pembe iliyoinama, kwamba ndigana, ile homa ya kupe, ilimuua kwa siku tatu. Akanywa uji, akawashika wadogo zangu vichwani mmoja mmoja, akaaga.

Mwaka uliotangulia alikuwa ameleta ngozi nyingine, ya ng'ombe wa kwanza kufa, na ile ilikuwa na masikio yote mawili. Kwa hiyo sasa tulibaki na wawili na ndama mmoja.

Nieleze kwa nini hesabu hiyo ilininyima raha. Mama alitangulia, na baba akamfuata baada ya miezi kumi na mmoja. Nilikuwa darasa la tatu katika shule ya misheni. Mtawa aliyetufundisha alikuja nyumbani mara mbili kunirudisha, nami nikamwambia nitarudi mdogo wetu wa mwisho akishajua kupika ugali. Sikurudi. Baba zetu wadogo na shangazi walitaka kutugawa: mmoja Goweko, mmoja Ipuli, wawili huku na huku. Kilichowazuia ni ng'ombe. Walisema watoto wenye ng'ombe wanne bado ni nyumba. Shangazi alikuwa wazi zaidi ya wote. "Ng'ombe hao wakiisha," aliniambia, "usije ukanililia nikija kuwachukua watoto." Alipopata habari ya ngozi ya pili alikuja siku hiyo hiyo, akatazama godoro la watoto kama mtu anayepima mzigo.

Wakati huo nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilifanya kazi katika zizi la karibu na stesheni ya Tabora. Ng'ombe walionunuliwa minadani Nzega na Usukuma walikusanywa pale, wakapumzishwa na kulishwa, kisha wakapakiwa kwenye mabehewa kwenda Kigoma. Kutoka Kigoma walivushwa ziwa kwa meli hadi Kongo ya Wabelgiji, kulisha watu wa migodini. Njia ilikuwa ile ile ya Ujiji waliyopita babu zetu na mizigo mabegani. Sasa mzigo ulitembea kwa miguu yake mpaka kwenye reli. Wanawake kama sita tulikata majani na kugawa mashudu, yale makapi ya karanga na pamba yanayobaki mafuta yakishakamuliwa. Magunia mengi ya mashudu yalielekea upande wa pili, Dar es Salaam, na huko yakapanda meli kwenda Ulaya. Hakuna aliyeamini kwamba yanakwenda kulisha ng'ombe tu. Mama mmoja niliyekata naye majani alikuwa na uhakika kwamba Wazungu huko wanayasaga upya na kuturudishia kama biskuti.

Jirani na zizi kulikuwa na banda la ngozi za kusafirishwa nje. Niliyaona kila siku yaliyokuwa yakifanyika humo. Ngozi haikulazwa chini. Iliwambwa kivulini kwenye fremu ya miti, kamba zikapitishwa kwenye matundu madogo yaliyotobolewa kwa kisu kuzunguka ukingo, kwa nafasi zilizo sawa. Kijijini ngozi ilipigiliwa vigingi juani. Matundu yake ni makubwa, yamechanika, na upande wa nyama hauachi kuwa na mchanga.

Jumapili baada ya misa niliitoa ngozi ya yule mfugaji na kuipitisha mkono. Hakukuwa na mchanga hata chembe. Matundu ya ukingoni yalikuwa madogo, na yalifuatana kama mshono, sawa na ya ngozi za bandani.

Sikumwambia mtu. Huenda bwana mifugo alikuwa amepita Puge na kuwafundisha kuwamba. Huenda mbwa walikula masikio kweli. Lakini kuanzia Jumatatu ile, kila kundi lilipoingia zizini, niliangalia masikio.

"Mwenzetu amekuwa daktari," alisema yule mama wa biskuti. "Wenzake wanaangalia wanaume stesheni, yeye anaangalia masikio ya ng'ombe."

"Masikio ya wanaume nimekwisha yaona," nikamwambia. "Hayasikii kitu."

Kundi la tatu lilikuwa la mfanyabiashara mmoja mzee wa mjini, Mwislamu mwenye kofia safi na fimbo ya mpingo, ng'ombe kama hamsini. Nilikuwa nikimimina mashudu kwenye hori nilipoiona pembe. Moja ilisimama, nyingine iliinama mpaka karibu na jicho. Nikaweka ndoo chini. Sikio la kushoto, mikato miwili. La kulia, halina ncha. Alikuwa akila kwa pupa, mashudu yamemjaa puani.

Nilimwendea mzee.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Unasemaje?"

"Yule jike mwekundu ni wa baba yangu."

"Baba yako yuko wapi?"

"Amefariki."

"Allah amrehemu. Basi aliuzwa na nani? Mimi nimenunua mnadani, mchana, mbele ya karani na watu wote. Kama ni wa baba yako, baba yako alikuwa na ndugu aliyemuuza." Hakusema kwa ubaya. Akanigusa bega kwa fimbo, polepole. "Nenda kalishe, binti. Mabehewa yanakuja leo alasiri."

Alikuwa na haki, na hilo ndilo lililoniudhi. Sikuwa na shahidi, nilikuwa na ngozi tu, na ngozi ilisema ng'ombe amekufa.

Sasa, kazi yangu ilikuwa na upande mmoja ambao wenzangu hawakuwa nao. Kabla ya kupakia, bwana mifugo alipita na ubao wake kuniuliza ni yupi hajala. Ng'ombe asiyekula mashudu huhesabiwa mgonjwa. Daktari wa Wabelgiji upande wa pili wa ziwa akimkuta mmoja anayeumwa hulirudisha kundi zima, na kwa hiyo kwetu pia ilikuwa hivyo: mmoja akitiliwa shaka, hutengwa, na wenzake wote husubiri mabehewa yanayofuata, ambayo yalikuja kila baada ya wiki mbili. Kwa miaka mitatu bwana mifugo alichukua neno langu bila kuingia zizini. Alijua sisemi nisichokiona.

"Haya, dada. Leo wote wamekula?"

"Mmoja hajala," nikasema. "Yule mwenye pembe iliyoinama. Tangu jana."

Aliandika. Nilimwona mzee akivua kofia na kuivaa tena. Mabehewa yaliondoka matupu upande wetu, na ng'ombe hamsini wakabaki kula mashudu ya mzee kwa wiki mbili kwa sababu ya ulimi wangu. Yule hakuwa amenikosea kitu. Nililifahamu hilo wakati ule ule.

Nilibaki na kazi ya kumleta mfugaji wa Puge. Ningemwita kwa habari ya ng'ombe, angeumwa mgongo ghafla. Kwa hiyo nilimtumia salamu kwa dereva wa lori la pamba: nimepata mchumba, watu wake wanakuja, na upande wa baba hatuna mzee wa kusimama. Alifika siku ya tano, amevaa koti lake la sikukuu, kuku kwapani.

"Mchumba yuko wapi, mwanangu?"

"Yuko kazini kwangu, baba. Twende ukamwone."

Alinifuata kwa furaha njia nzima, akiniuliza ni wa kabila gani, ni Mkatoliki au Mmoraviani, analima au ana kazi. Nilimjibu kwamba ni mtu wa Puge. Akafurahi zaidi. Nilimtazama kwa pembeni nikijiuliza mtu mwenye furaha hivyo anawezaje kuwa mwizi, kisha nikajiuliza kama furaha ile nayo si ya kuazima.

Tulipofika kwenye zizi dogo la wagonjwa, mzee wa mjini alikuwepo, na bwana mifugo alikuwa amekuja kumkagua ng'ombe. Mfugaji aliona pembe. Kuku alimponyoka akakimbilia kwenye majani. Ng'ombe mwenyewe alikuja mpaka kwenye ua, akapitisha pua kati ya miti, akaanza kuramba mkono wa koti lake.

"Subhanallah," alisema mzee. "Nimemlisha siku hizi zote, hajaniramba hata mara moja."

"Baba," nikasema, "huyu ndiye aliyekufa kwa ndigana?"

Alimwondoa ng'ombe pua kwa kiganja, taratibu, kama anavyofanya mtu aliyezoea.

"Walisema ng'ombe wote wanapelekwa Mwanza," akasema.

"Akina nani walisema?"

"Mnadani. Mwanangwa, mkubwa wa kijiji, alikuja na karani, akasimama mlangoni kwangu. Serikali inasema ng'ombe wamezidi majani, kila boma litoe kichwa. Leo hii. Ningetoa wa nani?"

"Wa kwako."

"Mwanangu, Puge nzima walitoa wa kuwekewa. Nyumba kwa nyumba. Kauliza. Mwenye ng'ombe yuko mbali, wako unamwona kila asubuhi." Akapangusa mate ya ng'ombe kwenye mkono wa koti. "Ile ngozi niliipata hapa hapa mjini. Nilijua masikio utayauliza."

Nilimtazama bwana mifugo nikitegemea atamkemea. Alikuwa mtu wa huko huko Nzega. Aliangalia viatu vyake.

"Basi mimi sina ugomvi na yatima," alisema mzee, "lakini nilinunua kichwa, nataka kichwa. Chenye nyama kama hii."

Mfugaji alisema ataleta dume lake mwenyewe kabla ya mabehewa. Mzee alikubali, akamtaka aseme hivyo mbele ya bwana mifugo, naye akasema.

Hapo bwana mifugo akaniinulia uso.

"Kwa hiyo huyu alikuwa anakula?"

"Alikuwa anakula, bwana."

"Siku ile ulipouambia ubao wangu hajala?"

"Alikuwa wa kwanza kwenye hori."

Mzee alipiga fimbo chini. "Ng'ombe hamsini! Wiki mbili! Wanakula kwa ajili ya mchumba wako mwenye pembe!" Wale wanawake wenzangu walicheka nyuma ya marobota ya majani, na mzee mwenyewe akakaribia kucheka, akajizuia.

Bwana mifugo hakucheka. "Dada, mimi siwezi kuitazama midomo mia mbili," alisema. "Nilikuwa natumia macho yako. Kuanzia kesho usije."

Sikumwomba. Angeniuliza tena kundi lingine, angelazimika kuingia zizini kuhakikisha, na mlishaji asiyeaminika hakuhitajika pale. Niliomba radhi kwa mzee. Aliipokea kwa kutikisa kichwa, akaenda kuwatazama ng'ombe wake.

Ng'ombe tulimfunga nyuma ya nyumba. Shangazi alikuja, akamzunguka, akamwinua sikio, akalitazama kwa muda mrefu kana kwamba nilikuwa nimelikata mimi usiku.

"Wamekuwa watatu tena?"

"Watatu na ndama."

Aliondoka bila kuingia ndani.

Siku ya mabehewa nilikwenda stesheni kama mtu wa kawaida, nikasimama nje ya uzio. Nilitaka kuona kwa macho yangu kwamba dume limeletwa. Lilikuwepo, jeusi, lenye nundu kubwa, na mfugaji alikuwa ametembea nalo siku tatu. Lilikataa kupanda. Wapakiaji walilipiga, likakataa. Ndipo yeye akapita mbele, akapanda kwenye behewa kinyumenyume huku akiliimbia kwa Kinyamwezi majina ya sifa aliyolitungia, na dume likamfuata mpaka ndani. Akateremka peke yake. Mlango ukafungwa.

Alinikuta kwenye uzio. Macho yalikuwa mekundu, na inawezekana ni vumbi.

"Nimelipa, mwanangu."

"Nimeona, baba. Na wale wawili na ndama?"

"Wapo. Wazima. Au unataka kuwaondoa kwangu?"

Nilikuwa nimeliwaza hilo siku zote zile. Pale kwetu majani ya kando ya reli yangetosha ng'ombe mmoja. Mtu mwingine wa Puge ningemjua kwa lipi? Naye angekuwa amekwisha toa wa nani?

"Wakae," nikasema. "Nitakuja kuwaona."

"Karibu. Njoo lini, niwaambie wakupikie?"

"Usiwaambie. Siku sitaitaja."

Alinitazama, halafu akaitikia kwa kichwa, akashika njia ya Nzega. Nami nikaenda kando ya reli kukata majani ya ng'ombe wetu.