Ng'ombe Niliyemtangaza Redioni

Nilipokabidhiwa idara ya habari katika shirika letu dogo la kutetea wanyama, hapa Tukuyu, jambo la kwanza nililowaambia wenzangu ni kwamba hatutatia chumvi. Mnyama akivunjika mguu mmoja, tutasema mmoja. Nilikuwa nimesoma vya kutosha kujua kwamba uongo wenye nia njema ni mgumu kuufuta kuliko ule wenye hila, maana hakuna anayeona haja ya kuufuta. Nilipenda kulirudia hilo vikaoni, kwa sauti ya mtu ambaye bado hajajaribiwa.

Ng'ombe mwenyewe alikuwa mtamba chotara, bado hajazaa, mweusi mwenye madoa meupe, aliyeanguka kutoka kwenye lori pale Kiwira. Walikuwa wamemfunga kamba shingoni na kumbana katikati ya wenzake hadi akakosa pa kusimama. Mwenye mali alimtazama pale kando ya barabara, akaona pembe iliyovunjika na bega lililochanika, akatuachia. Daktari wa mifugo alimshona. Baadaye tukampeleka Kisiba kwa mama mmoja mjane, ambaye mumewe alikuwa amemwachia banda zuri lisilo na kitu ndani. Makubaliano yaliandikwa: ng'ombe atabaki kuwa mali ya shirika, mama atamtunza, na siku akizaa maziwa yatakuwa ya mama. Aliweka sahihi yake taratibu, akiwa ameinama juu ya karatasi kama anayeshona kifungo.

Miezi michache baadaye bega likapona. Nikamwalika mtangazaji kutoka Mbeya aje arekodi kipindi, kwa kuwa tulitaka wasafirishaji wa ng'ombe wasikie na waone aibu. Mtangazaji alikuwa kijana mwerevu. Nilipoanza kumweleza kwamba mama huyu amekabidhiwa mnyama kwa masharti ya utunzaji, alizima kinasa sauti.

"Mzee, hayo ni maneno ya ofisini. Msikilizaji analala. Mama amepewa ng'ombe, au hakupewa?"

Nilimtazama mama. Alikuwa akikata mgomba vipande vipande, na ng'ombe akimlamba kiwiko.

"Amepewa," nikasema.

"Ni wake?"

"Ni wake kabisa."

Akawasha kinasa, nikayarudia maneno hayo kwa sauti nzuri zaidi. Kipindi kilipendwa. Watu walipiga simu, na wengine walitoka Kyimo kwenda kumwona ng'ombe aliyesalimika. Ofisini walinipongeza. Hakuna aliyenikumbusha habari ya chumvi, nami nilishukuru kwamba wana adabu.

Nimezaliwa wilaya hii. Siwezi kujitetea kwamba sikujua jinsi tunavyozika. Mzee akifa, kila nyumba ya mwanawe husimama na mnyama wake wa kuchinjwa msibani: hicho ndicho kipimo cha kwamba nyumba ipo. Nilijua pia kwamba mjane yule alikuwa na baba mkwe mzee sana, mgonjwa, umbali wa mashamba mawili ya chai. Mambo yote mawili nilikuwa nayo kichwani siku ile ya kurekodi, ila sikuyaweka karibu karibu.

Simu ilikuja asubuhi ya mvua.

"Baba, baba mkwe ametutoka," mama alisema. "Ng'ombe anaondoka kesho. Nimeona nikuarifu mwenyewe, usije ukasikia kwa watu."

Mimi nilisikia mtu anayeomba msaada. Nilichukua yale makubaliano, nikayatia ndani ya mfuko wa plastiki yasilowe, nikaenda kwa mkurugenzi wetu. Alisoma, akanirudishia. "Karatasi inasema hivi, na wewe ulisema vile," alisema. "Nenda, lakini polisi sitawaita msibani."

Uwanja wa msiba ulikuwa umefunikwa kwa turubai, na wanaume wamekaa kwenye mabenchi, miguu kwenye tope. Mwana mkubwa wa marehemu, shemeji yake mama, alinipokea kwa mikono miwili.

"Ndaga, asante, ndugu yangu, umefanya vyema kuja. Jamani, msogezeeni nafasi mtu wa redio."

Nilitoa pole, nikaandikisha rambirambi, nikakaa kwa muda unaostahili. Kisha nikamwinamia.

"Kaka, nina neno moja pia."

"La ng'ombe."

"Ndiyo. Yule ni wa shirika. Mkataba ninao hapa."

Hakuutazama mfuko. "Siku ile ulipoongea, tulikuwa tumekaa hapa hapa. Baba alikuwa amelala, redio ameiweka kifuani. Ukasema ni wake kabisa. Baba akacheka, na hakuwa amecheka tangu mavuno. Akasema, basi hata nyumba ya yule mwanangu aliyenitangulia itanizika." Akaelekeza kidevu kwenye mlango wa nyumba. "Sasa niingie mle ndani nikamwambie kwamba ulikuwa unatania?"

"Labda stesheni ilikuwa na kelele," mmoja akadakia kutoka benchi la nyuma.

"Kelele gani, wakati alirudia mara mbili!" mwingine akajibu, na benchi zima likacheka kwa sauti ya chini, ile ya msibani.

Maisha yangu yote nimewasuta watu kwa kusema wasichokimaanisha, na sasa nilikuwa nimekaa kati ya watu walioniamini neno kwa neno.

Nilikwenda kwa mama. Nilimkuta bandani anamwosha ng'ombe kwa maji ya moto na kitambaa, akilizunguka kovu la begani kwa uangalifu.

"Naweza kuwazuia," nilimwambia. "Nikienda kwa mtendaji wa kijiji na karatasi hii, hawatamgusa."

"Utamwambia nini mtendaji?"

"Ukweli. Kwamba ng'ombe si wako."

"Basi nitakuwa nilidanganya."

"Nitasema niliyedanganya ni mimi."

"Halafu watauliza ulidanganya kwa ajili ya nani." Alikamua kitambaa. "Baba, tangu mume wangu afe, nyumba hii inakwenda kwenye misiba na mikungu ya ndizi. Ndizi zinapitia jikoni, hakuna anayesema zimetoka wapi. Ng'ombe anapita uwanjani, na nyumba yake inatajwa."

"Na ndama uliyekuwa unamsubiri?"

"Nilikuwa namsubiri," alisema. Aliendelea kufuta mgongo ule uliokwisha kuwa safi.

Nilikuwa na hoja nyingine nyingi. Nimeandika makala kuhusu maumivu ya mnyama, na ninajua kuzipanga hoja hizo zikafuatana bila pengo. Nikazitafuta pale, nikaona kila moja ingemwondolea mama kitu ambacho mimi mwenyewe ndiye niliyempa, mbele ya wilaya nzima, bila kuwa nacho.

Nilichopata ni kidogo. Nilimwomba shemeji amchague mchinjaji mmoja tu, mwenye mkono mwepesi, kisu kinolewe mbali, na ng'ombe asifungwe kamba shingoni. Alikubali mara moja, akashangaa kwamba niliona haja ya kuomba. "Kwani sisi tunachinjaje?" aliuliza. Sikutaja lori.

Siku ya pili mvua ilipumzika. Mama alikuwa amevaa kanga mpya. Alinitazama, nami nimesimama mlangoni mwa banda na mfuko wangu wa plastiki.

"Kama una huruma naye, tumshike pamoja," alisema. "Mimi amenizoea, lakini watu wengi wanamtisha. Ukimwekea kiganja puani anatulia."

Tukaenda, mama mbele na kamba iliyofungwa kwenye pembe nzima, mimi ubavuni, kiganja changu puani mwa ng'ombe. Njia nzima alipumua polepole mkononi mwangu, akisimama kila penye majani mabichi, na hatukumharakisha. Tulipofika uwanjani msemaji wa ukoo aliinuka, akaitaja nyumba ya mtoto wa tatu wa marehemu, kwa jina kamili la mume wa mama, aliyekufa miaka mingi iliyopita, na wanawake wakaipokea kwa kilio. Mama akaniachia kamba yote. Walimpisha akakaa mbele, jirani kabisa na jeneza, mahali ambapo pengine hakuwahi kukaa.

Ng'ombe aligeuza kichwa kumtafuta. Shemeji akanyoosha mkono, akasubiri bila kunihimiza.

Nikampa kamba.