Tulipolipa Nauli Kwenda Kutazama Maua

Miaka ile ya soko huria kila mtu alikuwa mfanyabiashara. Unalala karani, unaamka una duka. Bariadi mjini mitumba ilikuwa mingi kuliko miili ya kuivaa. Kwa hiyo karani mmoja aliyepunguzwa kazi kwenye ushirika alipotangaza kwamba anaanzisha utalii, hatukushangaa. Tulishangaa alichotaka kutuonyesha: bustani. Bustani za nyumba za zamani za wakubwa. Moja ya bomani kule Nyalikungu, moja ya mapadre, na ya mwisho ya nyumba ya meneja wa kiwanda cha kuchambulia pamba, njia ya kwendea Nassa.

Sisi wa masomo ya jioni tulikuwa ndiyo kwanza tumemaliza mtihani, vichwa vimejaa elimu mpaka kofia hazikai. Tukasema na sisi twende likizo kama watu. Nilipomweleza mama nilitegemea atanicheka. Badala yake aliweka ungo chini.

"Hiyo ya mwisho," akasema, "si ile ya baba yako?"

Ndiyo hiyo. Marehemu baba alikuwa mtunza bustani pale kabla sijazaliwa. Mtoto wao wa kwanza, msichana ambaye hakufika hata umri wa kukaa, alizikwa huko huko, nyuma ya vibanda vya watumishi. Nilijua hivyo tu, basi. Kwetu halikuwa jambo la kuulizwa. Sasa nyumba ilikuwa imeuzwa pamoja na kiwanda, na habari zilishafika mpaka kwetu Sapiwi kwamba tajiri mpya anataka bustani iwe maegesho ya malori.

"Nakwenda," mama akasema. "Nikamuage kabla hawajamkanyaga."

Tukaondoka na pikapu ambayo naamini Nuhu aliikataa kwenye safina kwa uzee wake. Mwongozaji wetu, yule karani, alivaa tai ndefu ya kutosha kufungia dume la ng'ombe. Kule bomani akatupanga mstari mbele ya mabogenvilia.

"Mabibi na mabwana, tazameni kwa macho, msiguse kwa mikono."

Mwenzetu mmoja wa darasani, muuza vitambaa sokoni, hakuvumilia. "Yaani nimelipa nauli kuja kutazama majani ambayo hata ng'ombe hali?"

"Ndugu yangu, Ulaya watu wanafanya hivi kila likizo."

"Kwa sababu hawana ng'ombe wa kutazama!"

Tulicheka mpaka pikapu ikataka kuwaka yenyewe. Mama hakucheka. Kwa mapadre hata kushuka hakushuka. Alichungulia tu na kuuliza, "Baba mwongozaji, ya mwisho bado?"

Tulifika alasiri. Getini alisimama mlinzi, mtu mzima, rungu mkononi.

"Mwadila, mayu," akamwamkia mama kwa Kisukuma.

"Mwadila, baba."

"Mwishie hapa mbele. Nyuma tajiri hataki watu. Kesho greda linaingia."

"Mimi nina mtu huko nyuma," mama akasema.

Mlinzi alimtazama. Kisha akafungua geti lote, hata ule upande wa kupitia magari.

Huko nyuma hapakuwa na vibanda. Matofali yalishabebwa, magugu yamefika kiunoni. Mama akaenda huku, akarudi, akasimama, kanga yake imejaa mbigili. "Mlango ulikuwa hapa," akasema. "Au ni pale?" Nilimfuata nikiwa sina la kumsaidia. Elimu yangu yote ya jioni haikuwa na somo hilo.

Wenzetu nao walikuwa wamekusanyika upande wa pili, chini ya mti mmoja wa kijani uliokwenda juu bila mpangilio. Mwongozaji, ambaye hakujua mama anatafuta nini, aliendelea na kazi yake.

"Huu ni mche adimu. Nimeambiwa meneja wa kizungu aliupenda kuliko yote, ukawa unakatwa duara kama mpira. Uliletwa kwa meli."

"Meli gani, mzee!" muuza vitambaa akapaza sauti. "Huo si mnyaa? Kila boma la ng'ombe Usukumani limezungushiwa huo!"

Watu wakaangua kicheko, na mimi niliyekuwa mbali nikacheka kwa sauti kuliko wote. Mama akanipita mbio. Alipenya katikati ya wale watu, akaweka kiganja kwenye shina.

"Uliletwa na mume wangu," akasema. "Alivunja tawi kwenye ua wa kwao, akalichomeka kichwani pa kaburi la mtoto wetu. Mzungu akasema, ng'oa, hilo ni la zizini. Basi mume wangu akawa analikata duara, akamwambia ni ua la bustani. Kila asubuhi anakata kidogo, anamsalimia mwanae."

Kicheko kilikatika. Mama akapiga magoti, akang'oa magugu, akasawazisha udongo kwa mikono yote miwili. Alisema naye kwa Kisukuma, chini chini. Nilishika maneno mawili tu: ng'wana wane, mwanangu. Muuza vitambaa alifungua viganja akaomba dua. Mlinzi alivua kofia.

Mama aliponyamaza, mwongozaji alikohoa. Akasema kwa sauti ile ile ya kazi, ila polepole.

"Mabibi na mabwana, hapa amelala mtoto wa mtunza bustani. Mti huu alipandiwa na baba yake." Akamgeukia mama. "Mayu, aliitwa nani?"

Jina hilo sikuwahi kulisikia tangu nizaliwe. Mama akalitaja, na mwongozaji akalirudia ili watu wote walisikie. Sitaliandika hapa. Ni jina la kawaida. Nusu ya wasichana wa Sapiwi wanalo.

Tuliondoka tukijua greda litakuja, na kweli lilikuja.

Kwetu mama huitwa kwa jina la mwanae wa kwanza, na miaka yote hiyo mama yangu aliitwa kwa langu. Alipofika kwenye pikapu mwongozaji alimpa mkono ili apande. "Mama," akasema, na akataja jina la yule mtoto, "shika hapa, usiteleze."

Mama aliitika kabla hajageuka.