Nguzo Niliyoipiga Msasa

Siku moja naikumbuka, mwanangu, ujana bado unanipanda kichwani, tulipokuwa tunajenga hoteli Kiwengwa. Ghorofa zilisimama juu ya nguzo za chuma, nami nikapewa kazi ya kuzipaka ile rangi nzito ya kukinga moto. Rangi yenyewe mbaya ya sura, ina vinundu kama ganda la balungi.

Mimi, mtoto wa seremala wa milango ya Mji Mkongwe, niache vinundu? Thubutu! Nikashika msasa, nikaisugua nguzo ya ukumbini mpaka ikateleza. Loo, ujana.

Akaja Mzee Makame, msimamizi wetu. Akaipapasa nguzo. Nikadhani atanisifu.

"Dada yako Mwanaidi si ndiye kaahidiwa kazi hapa, kutandika vyumba vya juu?"

"Naam, mzee."

Akachukua vipande viwili vya chuma vilivyopakwa, kimoja akakipiga msasa kama nilivyofanya, akaviwashia moto wa gesi. Kwenye kile kisichopigwa msasa rangi ikaumuka kama andazi, ikakifunika chuma. Kile cha msasa kikawa chekundu upesi.

"Chuma hakiungui, lakini kikipata moto hulegea, na kilicho juu kikaja chini. Rangi hii haikuletwa ipendeze, imeletwa impe mtu muda wa kushuka ngazi. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Paka upya."

Nilipaka huku machozi yananitoka, sikufichi. Kila nikipitisha brashi namuona dada yangu kule juu.

Baadaye, hoteli ishafunguliwa, jiko likashika moto, ukaingia ukumbini. Nikakimbia kama mwehu. Nikamkuta Mwanaidi nje, anakohoa, mikono kaiweka tumboni. Ndani nguzo yangu imevimba, nyeusi, inatisha, na imesimama. Sijaona kizuri kama kile.

Tumboni mle ulikuwemo wewe.

Basi leo usinijie umenuna eti mwenye jengo la Ng'ambo anataka umpunguzie rangi nguzo zing'are. Mwambie hapana, kwa adabu, na akikasirika mwache akasirike. Kazi ya kulinda watu usiipime kwa macho, ipime kwa yule atakayelala juu yake. Mungu aibariki mikono yako, mwanangu, na kila utakayemjengea ashuke ngazi salama. Haya, nenda kamsalimie mama yako.