Muzazi wa Ngabu

Ipo asubuhi moja hapa Bunia ambayo naikumbuka, mdogo wangu, na mpaka leo sijapata pa kuibishia. Nawe wanijua: methali huwa nazipima kwanza kabla ya kuzimeza. Lakini Jumatatu unaanza kufundisha, na umeniuliza utafanya nini na wale wa viti vya nyuma. Basi sikiliza.

Nilikuwa mwaka wa pili wa chuo kikuu. Kati yetu alikuwamo Ngabu, kijana wa upande wa Fataki, kule Djugu. Asistanti wetu, mwalimu msaidizi mgeni wa kazi na tai yake mpya, kila alipomaliza kueleza jambo, Ngabu aliitikia kutoka nyuma, "Amina, pasta!" Darasa zima likaanguka kwa kicheko. Ikawa hivyo wiki baada ya wiki, hadi siku moja asistanti akaweka chaki chini, akamwambia atoke na asirudi bila mzazi wake. Mchelea mwana kulia, akasema, hulia mwenyewe. Usimlaumu. Ndivyo sote tulivyolelewa tangu shule ya msingi: ukikosa, unaleta muzazi.

Ngabu akatoka akicheka, na hakurudi. Mitihani ilikuwa karibu, na asiyehudhuria masomo hakuruhusiwa kuifanya. Mwaka wake mzima ulikuwa unapotea. Kiongozi wetu wa darasa akamfuata anakolala, ndipo akaambiwa jambo ambalo Ngabu alilificha chini ya mzaha wake. Mzazi wa kuleta hakuwapo. Vita vilikuwa vimewachukua wote wawili. Kiongozi akalipeleka neno hilo kwa Muzee Kasereka, mkuu wa idara, ambaye akipita sisi huegemea ukuta.

Tulijua kitakachofuata. Mkuu ataamuru, asistanti atanywea, Ngabu atarudi kama mshindi. Mimi nilikwisha andaa hotuba kuhusu matumizi mabaya ya mamlaka.

Kesho yake mlango ukabishwa. Muzee Kasereka alisimama nje, kofia mkononi, Ngabu nyuma yake. Katika jengo analoliongoza mwenyewe, akangoja aruhusiwe kuingia.

"Asistanti, uliita muzazi wa huyu mutoto," akasema. "Njo miye, muzazi wake."

Hapakuwa na asiyejua kwamba yeye ni mtu wa Butembo, na Ngabu ni wa Djugu, wala hawana udugu wowote. Hakuna aliyecheka. Asistanti alimpa kiti. Akakataa, akaomba kwanza aelezwe kosa. Akalisikiliza lote, hata ile amina, bila kutabasamu. Kisha akamgeukia Ngabu.

"Unanipatisha haya mbele ya batu. Omba mwalimu wako pole."

Haya! Mtoto wa jirani akikosa, unaona hasira au unacheka. Mwenye mtoto ndiye huona haya. Ngabu akaomba pole kwa sauti ndogo ambayo hatukuijua kuwa anayo, akaenda kuketi benchi la mbele. Nami nikagundua kwamba nimesimama, na wenzangu wote wamesimama, bila mtu kutuambia.

Baadaye nilimfuata Muzee kwenye ngazi, nikamwuliza kwa nini hakuamuru tu.

"Nikivunja asistanti mbele yenu, kesho atafundisha nani? Na mutoto akirudi bila mutu, anarudi na hasira."

Nikamwuliza tena, maana ndivyo nilivyo, kama kujiita mzazi wake si uongo.

"Uliza Ngabu," akasema, akashuka zake.

Sikuthubutu.

Kwa hiyo, mdogo wangu, sheria yako ishike. Anayevuruga somo usimwache, kwa kuwa wenzake wamekuja kusoma. Ila kabla ya kumtoa mtu nje, mwite pembeni ujue huko nje ana nani. Na ukishindwa, waendee waliokutangulia bila aibu. Mkono mmoja haulei mwana. Nami niliidhani ni methali ya kupambia hotuba tu.

Mungu akupe sauti isiyohitaji kupaa. Na wale utakaowatoa, awape wa kurudi nao.