Posa na Nyambizi ya Kwa Wakwe

Nasema mwenyewe kabla mwanangu Elia hajaniwahi, maana yeye akisimulia anatia chumvi: siku ya posa niliwaaibisha wote niliokwenda nao, na nilikwenda na Elia peke yake.

Kwetu baba hasemi siku hiyo, anasema mshenga, baba anakunywa chai. Nikakataa. Nimesugua vyoo vya ofisi Bankstown, huku ughaibuni, mpaka nina kampuni yangu ya usafi na magari yenye jina langu ubavuni, halafu niazime mdomo wa mtu? Basi tukatoka kwetu Doonside tukaenda mtaa wa Quakers Hill kwa Bwana Werner, baba wa binti, mtu mpole mwenye asili ya Ujerumani, na juu ya kabati lake pana nyambizi ya mbao aliyoichonga mwenyewe.

“Hii ilikuwa ya kutega mabomu baharini,” akasema. “Baba wa babu yangu alikuwa humo vitani. Unaijua habari yake?”

Mshenga angesema hapana. Mimi nikasema, “Naijua vizuri.” (Shule niliacha kabla mwalimu hajafika kwenye vita.)

Akafurahi, akazima kriketi kwenye televisheni, akamwita mkewe, binti, na mama yake mwenyewe, bibi mzee. “Haya, tueleze.”

Nikawaeleza. Nikasema ilitega mabomu kila bandari, adui wakalia, haikuguswa, na mzee wao akarudi salama, akafuga ng'ombe, akafa uzeeni kati ya wajukuu.

“Baba, inatosha,” Elia akanong'ona, akanikanyaga mguu. Nikadhani ng'ombe ni wachache, nikawaongeza.

Bwana Werner akasema taratibu kwamba nyambizi ilitega mabomu mlangoni mwa bandari moja, safari nyingine ikapita palepale, ikalipukiwa na bomu lake yenyewe. Hakutoka mtu.

Binti akainama. Elia akamtazama binti, akanitazama mimi, nikaona harusi inazama nami ndiye niliyetega.

Yule bibi akaniuliza, “Hao ng'ombe wa babu yangu walikuwa na rangi gani?”

“Sijui, mama,” nikasema. Ndilo neno langu la kwanza la kweli siku ile.

Akacheka, akajifuta macho. “Mrudi Jumapili,” akasema, “lakini mje na mtu wa kusema.”

Tukarudi na Mama Neema, nesi wa kanisani kwetu, na posa ikapokelewa. Tangu hapo kwa wakwe mdomo wangu ni wa chai tu. Bwana Werner aliponionyesha picha ya meli nyingine ukutani, akaniuliza kama naijua, nilimtazama Mama Neema.