Aliyewasha Kisiagi Siku ya Kurekodi

Zacharia alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha plastiki langoni mwa ghala la vigae, huko Al-Sulay, Riyadh, lori la Morgan liliposimama kungoja kupakiwa. Dirisha lilikuwa wazi na muziki ukatoka: ngurumo nzito kwanza, kana kwamba ardhi inasagwa, kisha gitaa moja kali likapanda juu yake. Zacharia akainua kichwa. Ule ulikuwa "Moshi wa Chuma," na besi iliyofuata aliipiga yeye mwenyewe, Nakuru, mwaka wa 1983, akiwa na miaka kumi na minane.

Hakulisema hilo. Miaka tisa ya kulinda malango ya watu ilikuwa imemfundisha kwamba mlinzi anayedai aliwahi kuwa mwanamuziki huchekwa.

"Mzee, unaijua hii?" Morgan akauliza akishuka. Alikuwa dereva wa miaka thelathini, mwenyeji wa Eldoret, aliyependa nyimbo za zamani kama wenzake walivyopenda mpira. "Watu wanabishana kwa simu kila siku, hii ngurumo ya mwanzo ilitengenezwa aje. Mmoja anasema walipasua spika na wembe. Mwingine anasema ni pikipiki ndani ya choo."

"Ni kisiagi," Zacharia akasema.

"Kisiagi gani?"

"Cha kusaga mahindi. Kilikuwa nyuma ya ukuta wa studio."

Morgan akacheka mpaka akashika mlango wa lori. "Wacha, mzee. Na wewe ulikuwa unapiga nini, ungo?"

"Besi."

Kwa jinsi alivyolitamka neno lile, bila tabasamu na bila majivuno, Morgan akatafuta ndoo, akaigeuza, akaikalia. Zacharia akamsimulia.

Studio ilikuwa stoo ya zamani ya ngozi, mtaa wa Bondeni. Chumba kimoja, mikrofoni tatu zilizoning'inia darini, tepu moja. Walikuwa wanne na walipiga pamoja, wakitazamana usoni. Akikosea mmoja, wote wanaanza upya. Siku hizi kila mtu hurekodi peke yake chumbani kwake, akatuma kipande chake kwa simu kwa mtu ambaye hajawahi kula naye, na makosa yote yakasafishwa hadi wimbo ukabaki kama sahani isiyowahi kupakuliwa chakula. Wakati ule kosa lilikuwa na mwenyewe.

Kosa la siku ile alipewa Zacharia. Wenye studio na wenye kisiagi walikuwa na mapatano: saa ya kurekodi anatumwa mtu, mashine inazimwa kwa robo saa. Julius, kiongozi wa bendi na mpiga gitaa, alimtuma Zacharia. Akaenda, akamwambia msichana wa kisiagi, mashine ikanyamaza, akarudi. Tepu iliyobaki ilitosha wimbo mara moja tu. Julius akainua mkono kuanza, na kisiagi kikanguruma. Akapiga hivyo hivyo, uso umemwiva, kwa kuwa hakukuwa na tepu nyingine.

"Alisema nilimwambia yule msichana dakika tano badala ya kumi na tano," Zacharia akasema. "Eti nilikuwa nimeshughulika kumchekesha."

Wimbo ulipendwa. Lakini kila Julius alipopanda jukwaani watu walipiga kelele wakitaka ile ngurumo, na gitaa lake hakuna aliyelitaja. Hilo hakulisamehe. Jalada la santuri lilitoka na majina matatu. Zacharia akaenda kupasua mbao Molo, na besi hakuishika tena.

"Na ulimwambia ngapi?" Morgan akauliza.

Zacharia akatazama barabara. "Nilimjibu Julius kumi na tano, lakini miaka arobaini najiuliza. Kumchekesha, kweli nilimchekesha."

"Aliitwa nani?"

"Rosebellah."

Morgan akainua kidole chake cha shahada na kukikunja katikati. "Anakosa nusu ya hiki?"

"Mkanda wa mashine ulimkata."

"Mzee, huyo mama anapika mtaa wa Karantina, Jeddah. Mimi hula kwake kila safari."

Bosi wa ghala alipoombwa ruhusa ya siku mbili aliuliza kama kuna mgonjwa. Zacharia akajibu kwamba ana swali. Bosi akasema yalla, aende, mradi abebe ikama, kibali chake cha kuishi.

Waliondoka na lori alfajiri, na jioni walikuwa Karantina, katika chumba chenye majiko mawili ya gesi na mkeka. Mwanamke mnene mwenye leso kichwani alikuwa anasonga ugali, akikandamiza mwiko kwa mkono wenye kidole kifupi.

"Mama, nimekuletea mtu," Morgan akasema.

Rosebellah akageuka. "Huyu si kijana wa besi? Umezeeka vibaya."

"Nawe umenenepa vizuri," Zacharia akasema, lakini sauti ilimtoka nyembamba. Hakungoja kuketi. "Siku ile nilikuambia uzime dakika ngapi?"

"Kumi na tano. Na ukanionyesha kwa vidole kama mtoto wa nasari. Ndiyo maana nilicheka."

Zacharia akaketi.

"Sasa mbona ukawasha?"

"Walikuja watu wa matanga." Akarudi kwenye sufuria yake. "Unga wa matanga hauwekwi foleni. Hata mkuu wa wilaya angekuwa anahutubia hapo nje, ningewasha."

Hilo Morgan hakulijua. Kwao msiba ukitokea, unga huletwa kutoka dukani ukiwa kwenye pakiti, na mwenye duka hata haulizi nani amekufa.

"Hukusema," Zacharia akasema.

"Nani aliniuliza? Mlikuwa hatua kumi kutoka kwangu, nyote wanne. Hata wewe hukuuliza."

Wakati ule Zacharia aliona aibu kurudi kumuuliza, basi.

Morgan, asiyekubali jambo kabla hajalisikia kwa masikio yake, akaweka wimbo. Ajabu, Rosebellah hakuwahi kuusikia. Akasimama na mwiko hewani. "Hayo mahindi hayajakauka. Mnasikia mashine inakwama, halafu inavuta? Hatukuwa tunamsagia mtu mahindi yenye unyevu, yanaziba chekeche. Ila wenye matanga tu, maana hawawezi kungoja jua." Akasikiliza tena. "Na hiki kinacholia juu ni nini?"

"Gitaa la Julius."

"Kinafunika mashine."

Alicheka Morgan, na Rosebellah naye akacheka. Zacharia alikuwa ameshatoa simu na kuiweka kwenye spika. Namba ya Julius alikuwa nayo miaka mingi bila kuipiga. Julius alipoitika kutoka Nakuru, Rosebellah akainyakua simu na kumweleza yote, bila kumwamkia.

Sauti ya Julius, ya kizee sasa, ikauliza, "Matanga ya nani?"

"Ya Jackton, fundi wa viatu."

"Zacharia yuko hapo? Zacharia, ungesema."

"Nilisema."

"Ungesema tena."

"Ulikuwa umefunga mlango, Julius."

Walimsikia akivuta pumzi. "Jackton ndiye aliyenishonea mkanda wa gitaa. Habari ya kifo chake nilikuwa nimeipata asubuhi ile. Nikasema turekodi kwanza, nitaenda baadaye. Sikwenda."

Zacharia, aliyengoja miaka arobaini kuombwa msamaha, akajikuta hana hamu nao tena. Akausogeza mdomo karibu na simu.

"Pole, Julius," akasema. "Pole sana kwa msiba."