Nati Nyekundu za Lori la Thirkettle

Mume wangu hakuwa mzembe. Naanza na hilo kwa sababu hapa Ormsthorpe wapo wanaosema, bia zikishawakolea, kwamba Aubrey Thirkettle ndiye aliyemlemaza Clem Wadlow mkono, kwamba kampuni ya bima ilikataa kumlipa Clem, na kwamba Aubrey alikufa kwa aibu. Bima ililipa. Aubrey alikufa kwa ugonjwa wa moyo, kama baba yake. Na habari ya mkono wa Clem nitaisema mara moja tu, kwa hiyo mwenye masikio ayatege.

Lori letu ni Bedford la jeshi, la enzi za Vita Kuu ya Pili. Aubrey alilinunua kwa mkulima wa viazisukari, kuku wakiwa wametaga kwenye kiti cha dereva. Alilifufua kipande kwa kipande. Watu walipomuuliza faida yake nini, alijibu, "Wenzangu wanafuga farasi. Farasi hula hata akilala. Hili langu halili mpaka niliwashe." Kila Novemba, Jumapili ya kuwakumbuka waliokufa vitani, lori hilo ndilo lililotangulia msafara kutoka kanisani hadi mnara wa kumbukumbu, limebeba mashada ya maua mekundu pamoja na wazee wasioweza kutembea. Hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini ni sisi. Ilikuwa ni sisi.

Sasa sikilizeni jambo ambalo kila mwenye malori haya analijua. Rimu zake ni za vipande viwili, vimebanwa pamoja kwa duara la nati. Nati nyingine, za katikati, ndizo zinazoshika gurudumu kwenye ekseli. Ukitaka kutoa gurudumu, unafungua hizo za katikati. Ukikosea ukafungua zile zinazobana rimu, tairi likiwa na upepo, vipande viwili huachana kama bomu. Ndiyo maana nati za rimu hupakwa rangi nyekundu. Nyekundu maana yake usiguse. Aubrey alizipaka mwenyewe, na aliyemshikia kopo la rangi ni mimi.

Moyo ulipomlaza hospitali, Basil Ketteringham, mwenyekiti wa chama chetu cha wenye malori ya kale, alikuja kuomba funguo alipeleke lori kwenye maonyesho ya kiangazi. Alilirudisha na kikombe cha fedha, liking'aa kuliko lilivyoondoka. Tulimshukuru.

Majani yalipoanza kupukutika Clem, jirani yetu, alikuja kutazama breki, kama alivyofanya miaka yote. Aubrey alikuwa ametoka hospitali lakini hakuruhusiwa kuinama. Clem akaweka jeki, akachukua spana. Mbele yake nati zote zilikuwa za kijani kama lori lenyewe, na macho yake si ya ujana. Nilikuwa jikoni niliposikia mlipuko.

Aliyetumwa na bima alipokuja, Aubrey alisema maneno ambayo kijiji kimeyatafuna hadi leo: "Lori langu, kosa langu. Nilipaswa kulikagua." Nilimwambia, "Aubrey, nati zile tulizipaka." Akanijibu, "Nyamaza, Honor. Mwenye lori ndiye mwenye lawama." Hayo ni maneno ya muungwana. Wao wakasikia maneno ya mkosaji.

Nilipomzika, bima ilibidi iandikwe upya kwa jina langu, mimi nikiwa mmiliki na dereva. Wakaleta mkaguzi. Alipiga magoti kwenye kokoto na suruali yake nzuri.

"Mama, mbona nati hizi zote ni za kijani? Hivi siwezi kulipitisha."

Nilichukua ufunguo wa nyumba nikakwaruza moja. Kijani kikabanduka kama ganda la yai. Chini yake, nyekundu. Nikaenda gurudumu la pili, la tatu. Nyekundu tupu.

Basil hakuchelewa kufika. Hakuvua hata kofia.

"Bi. Thirkettle, kamati imeonelea mwaka huu lori lisitangulie. Watu hawajasahau."

"Hawajasahau nini?"

"Unajua. Damu. Kuna bwana mmoja Uholanzi anayelitaka. Liuze upumzike, mama."

"Kamati inakutana lini?"

"Jumamosi ukumbini. Lakini si lazima ujisumbue kuja."

Nilikwenda, na nilikwenda na lori. Wanaume walisimama mlangoni na vikombe vyao vya chai. Gia za Bedford hazitaki papara. Klachi unaikanyaga mara mbili ndipo zikubali.

"Haya, na kurudi nyuma je, bibi?" mmoja akapaza sauti. "Au tukusukumie?"

Nikalirudisha kinyumenyume hadi ngazi za ukumbi, nikazima.

"Shika vizuri chai yako," nilimwambia. "Itamwagika."

Niliwaita wote watoke nje, Clem akiwemo, mkono wake mkavu mfukoni. Nikakwaruza nati mbele yao. Nilikwaruza polepole, kama nilivyokuwa nikiandika tarehe ubaoni kwa wasichana wa darasa la historia.

"Hii nyekundu ni ya Aubrey," nikasema. "Kijani hiki cha juu ni cha nani?"

Clem akamgeukia mwenyekiti.

"Basil. Lori lilikuwa kwako."

"Jaji wa maonyesho ya mwaka uliotangulia alisema nyekundu ile inaharibu sura," Basil alisema, macho yakiwa chini. "Nilikusudia kuzirudishia baada ya maonyesho. Haki ya Mungu nilikusudia."

"Kwa kikombe?" Clem akatoa mkono mfukoni, akautazama, kisha akamtazama yeye. "Kikombe, Basil?"

"Aubrey alisema kosa ni lake. Nikaona..."

"Ulimwona mtu anabeba mzigo wako," nikamwambia, "ukamsindikiza nao hadi kaburini. Jumapili lori litatangulia. Anayepinga aseme sasa, na aseme jina lake."

Hakuna aliyepinga. Yule wa chai alikuwa amevua kofia.

Jumapili nilivaa koti langu jeusi na medali ya baba mkwe. Clem alikaa kando yangu, ameshika shada kubwa kwa mkono wake mzima. Nati za rimu nilikuwa nimezipaka upya, nyekundu ya kuonekana kutoka upande wa pili wa shamba, na jaji yeyote asiyeipenda na aje aniambie mimi. Mlangoni mwa baa watu walisimama. Sikugeuza shingo. Hawakuwa wao niliowaendea pale.

Lori haliuzwi. Bima ipo, imelipwa, na jina lililoandikwa ni Thirkettle.

Wananiuliza Basil aliniambia nini alipokuja langoni kwangu jioni ile, na kama nilimfungulia. Alikuja, kweli. Yaliyosemwa pale ni yetu wawili, na baa itafute kitu kingine cha kutafuna. Sisemi zaidi.